Barafu haina breki: fizikia ya klabu ya hoki ya chuo kikuu

Kama umewahi kusoma nchi za baridi, au una ndugu aliyepata skolashipu Kanada, basi huenda unalijua lile tangazo la mwanzo wa mwaka wa masomo: klabu ya hoki ya barafu inatafuta wachezaji, hata wasiowahi kuvaa viatu vya kuteleza wanakaribishwa. Unasoma, unacheka, halafu unajiuliza: na mimi si nijaribu?

Jaribu. Lakini kabla hujajiandikisha, hebu tuzungumze mambo matatu: kwa nini barafu inateleza, mchezaji anasimamaje, na kwa nini kile kile kinachoufanya mchezo huu uwe mtamu ndicho kinachoweza kuumiza ubongo wako. Yote matatu yanaongozwa na neno moja, nalo ni msuguano.

Wanafunzi walikuwepo tangu mwanzo

Tarehe 3 Machi 1875, mjini Montreal, vijana 18 waliingia kwenye ukumbi wa Victoria Skating Rink, tisa kila upande. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza inayojulikana ya hoki ya barafu iliyopangwa kuchezwa ndani ya jengo. Badala ya mpira wa duara walitumia kipande bapa cha mbao, ili kisirukeruke na kuwapiga watazamaji. Miaka miwili baadaye, Januari 1877, wanafunzi wa McGill waliunda klabu yao, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa klabu ya kwanza rasmi ya mchezo huu.

Kile kipande cha mbao kiligeuka kuwa kisahani cha mpira mgumu, wenyewe wanakiita paki. Kina kipenyo cha sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Kwenye ligi kubwa kinagandishwa kabla ya mechi. Sababu ni kwamba mpira wenye joto hudunda, na mpira baridi hupoteza sehemu ya unyumbufu wake, kwa hiyo kisahani kinatambaa badala ya kuruka.

Ukumbi ule wa Montreal haukuwa na mtambo wowote wa kugandisha maji. Kazi hiyo ilifanywa na baridi ya nje. Siku hizi mtambo unaweza kutengeneza barafu hata karibu na ikweta. Nairobi, katika Hoteli ya Panari, kuna kiwanja kidogo cha barafu ambapo timu ya Ice Lions imekuwa ikifanya mazoezi, na mwaka 2018 wachezaji wake walisafiri hadi Kanada kucheza.

Kwa nini barafu inateleza? Jibu la shuleni halitoshi

Wengi tulifundishwa hivi: uzito wa mtu unapita kwenye bapa jembamba la chuma chini ya kiatu, shinikizo linakuwa kubwa, barafu inayeyuka, na maji hayo ndiyo yanayokutelezesha. Mwanafizikia John Joly wa Dublin alitoa wazo hilo mwaka 1886. Linapendeza. Tatizo ni kwamba ukipiga hesabu, halifiki.

Tupige pamoja. Chukua mchezaji wa kilo 80 aliyesimama kwa mguu mmoja. Tuseme bapa linagusa barafu kwenye eneo la milimita 3 kwa milimita 30. Shinikizo litakuwa karibu mara 86 ya lile la hewa ya kawaida. Sasa, kila shinikizo la hewa moja linaloongezeka hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa barafu kwa takriban nyuzi 0.0075 tu za Selsiasi. Zidisha: unapata kama nyuzi 0.6. Barafu ya hoki huwekwa kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo shinikizo peke yake haliwezi kuiyeyusha. Na watu wanateleza vizuri tu kwenye maziwa yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Isitoshe, wewe ukikanyaga barafu kwa raba za kawaida, zenye soli pana na shinikizo dogo, bado unaanguka.

Mwaka 1939 Bowden na Hughes walipendekeza sababu nyingine: bapa likisugua barafu, joto la msuguano huyeyusha tabaka jembamba la juu. Hili lina ukweli ndani yake, hasa mtu akiwa kwenye mwendo. Lakini joto la msuguano linahitaji mwendo, na wewe unateleza hata kwenye hatua ya kwanza kabisa.

Kipande kinachokosekana kiliguswa na Michael Faraday mwaka 1850. Aliona kwamba vipande viwili vya barafu vikigusanishwa vinashikana, akahisi kuwa uso wa barafu una utando wa maji hata pasipo joto. Leo tunaelewa hivi: ndani ya barafu, kila molekuli ya maji imeshikwa na jirani zake wanne. Ile ya juu kabisa haina jirani juu yake, kwa hiyo imeshikiliwa kwa ulegevu na inahamahama. Fikiria daladala iliyojaa pomoni: wa katikati hatikisiki, lakini wa mlangoni anayumba kila kona. Hao wa mlangoni ndio wanaokuangusha.

Wanasayansi bado wanabishana juu ya mchango wa kila sababu. Jambo moja limepimwa: mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi na Ujerumani walionyesha kuwa msuguano wa chuma juu ya barafu huwa mdogo zaidi kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Kukiwa na baridi zaidi, molekuli za juu zinatulia na utelezi unapungua. Kukiwa na joto zaidi, barafu inakuwa laini na chuma kinazama. Ndiyo maana mafundi wa uwanja wa hoki hawafukuzii baridi kali kupita kiasi. Wanafukuzia barafu ngumu inayoteleza.

Barafu hiyo inapikwaje?

Chini ya uwanja kuna sakafu ya zege yenye mabomba yanayopitisha maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri. Chumvi inayazuia yasigande, kwa hiyo yanaendelea kuzunguka na kuchukua joto. Juu ya zege maji hunyunyizwa tabaka kwa tabaka hadi barafu ifikie unene wa sentimita 3 hivi. Ule weupe unaouona ni rangi, imepakwa katikati ya matabaka.

Kati ya vipindi, mashine inapita kukwangua barafu iliyochakaa na kumwaga maji mapya. Frank Zamboni aliitengeneza ya kwanza California mwaka 1949. Maji inayomwaga huwa ya moto, na kuna sababu: maji ya moto yana hewa kidogo iliyoyeyuka ndani yake, tena yanalainisha kidogo barafu ya zamani, kwa hiyo yakiganda yanashikamana nayo vizuri bila mapovu.

Sasa utasimamaje?

Hapa ndipo mgeni anapopata taabu. Msuguano wa bapa la chuma likienda mbele ni kama 0.005 ya uzito wako. Unakwenda mita 8 kwa sekunde, yaani kama kilomita 29 kwa saa, mwendo ambao mchezaji wa kawaida wa chuo anaufikia. Ukiacha kusukuma, na tukiweka pembeni ukinzani wa hewa, msuguano huo utakuhitaji zaidi ya mita 600 kukusimamisha. Uwanja mzima una urefu wa mita 60 hivi. Mtu anayeburuza soli za raba kwenye zege, kwa mwendo huo huo, anasimama ndani ya mita 6.

Siri iko kwenye umbo la bapa. Ukiligeuza utaona halikunolewa kama kisu. Katikati lina mfereji, na pembeni lina kingo mbili kali. Likielekea mbele, kingo hizo zinapita bila shida. Ukiligeuza kukingama mwendo wako, ukingo unakwangua barafu, na unga mweupe unaruka kama chenga za nazi kutoka kwenye mbuzi. Ule unga ni nishati yako ya mwendo ikitumika kuvunja barafu. Jifunze hilo kabla ya kujifunza kupiga gongo. Kocha yeyote mwenye akili ataanza hapo.

Na usiposimama?

Nishati haipotei, lazima iende mahali. Mchezaji wa kilo 80 kwenye mita 8 kwa sekunde amebeba nishati ya jouli 2,560. Ni sawa na mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 3.3, yaani kama aliyedondoka kutoka paa la nyumba ya kawaida. Akigonga ukuta wa pembeni na mwili wake ukasimama ndani ya sentimita 10, nguvu ya wastani inayomkuta ni kama mara 33 ya uzito wake. Akisimama ndani ya sentimita 30, inashuka hadi mara 11. Mavazi yote ya kujikinga yanafanya kazi hiyo hiyo: kurefusha kidogo safari ya kusimama na kuisambaza nguvu.

Helmeti nayo inafanya hivyo kwa fuvu, na inafanya vizuri. Mwaka 1968 Bill Masterton, aliyechezea Chuo Kikuu cha Denver kabla ya kuingia ligi kuu ya NHL, aligonga kichwa barafuni bila helmeti na akafariki siku mbili baadaye. Hata hivyo ilipita miaka 11 kabla ligi haijawalazimisha wachezaji wapya kuvaa.

Lakini ubongo si fuvu. Ni kitu laini cha karibu kilo 1.4 kinachoelea kwenye majimaji. Kichwa kikisimama ghafla, na hasa kikizungushwa ghafla, fuvu linatangulia na ubongo unafuata kwa kuchelewa. Nyuzi za neva zinavutika. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Helmeti haiwezi kuuzuia kabisa, kwa sababu tatizo liko ndani. Mara nyingi hauonekani kwenye picha za kawaida za hospitali, na wengi wanaoupata hawazimii. Unaweza kuinuka, ukapangusa unga, ukarudi mchezoni ukijiona mzima, kumbe si mzima.

Hatari kubwa ni pale unaporudi. Ubongo uliotikisika unachelewa kuitikia, na uwanjani kila mtu anakwenda kasi. Kugongwa mara ya pili kabla ya kupona kunaweza kuua. Ontario ilitunga sheria ya kuwaondoa mchezoni wanaoshukiwa kuumia ubongo, Rowan's Law, mwaka 2018, baada ya mchezaji wa raga wa miaka 17 kufariki mwaka 2013 kwa kugongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache.

Kwa hiyo ukijiunga na klabu, shika haya:

- Jifunze kusimama kwa pande zote mbili kabla ya mechi yako ya kwanza.
- Usikae mita moja au mbili kutoka ukutani huku umeupa uso. Ukisukumwa hapo, kichwa ndicho kinachofika kwanza. Kaa umegusa ukuta, au kaa mbali nao.
- Usimsukume mtu kutoka nyuma. Sheria zinakataza, na sasa unajua kwa nini.
- Ukigongwa halafu ukapata maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, ukungu wa mawazo au mwanga ukakusumbua, mechi yako imeisha siku hiyo. Hakuna kurudi, hata kama ni fainali.
- Kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usio wa kawaida au maumivu yanayozidi: hospitali mara moja, usisubiri kuche.
- Baada ya hapo pumzika siku moja au mbili, kisha anza na matembezi mepesi, na rudi hatua kwa hatua kwa ushauri wa daktari. Masomo kwanza, gongo baadaye.

Mwenzako naye anaweza asiseme. Vijana tunajikaza, hasa timu ikiwa imebaki na wachezaji wachache. Ukimwona ameinuka na kuelekea benchi la wapinzani, au anauliza matokeo ni ngapi kwa mara ya tatu, mwambie kocha, hata kama atakununia wiki nzima. Akinuna, angalau yupo.