Utangulizi: Kinanda cha Bei Nafuu kwenye Mwambao wa Nyasa

Karibu, wewe unayetaka kuusikiliza muziki wa Afrika Mashariki kwa makini. Uwanja ninaokukaribisha bado una watu wachache. Ni utafiti wa vinanda vya bei nafuu, vile vya plastiki vyenye vibonyezo 61 na spika zake ndani. Kiwandani vilikusudiwa kwa mwanafunzi anayejifunzia sebuleni. Kwetu vinaongoza ibada, vinapigwa harusini na vinatumika kurekodi albamu. Nitautazama uwanja huu nikiwa mwambao wa Ziwa Nyasa, katika kata ya Ngumbo na jirani zake za kati ya Liuli na Lituhi, eneo lililokuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga na sasa limo wilaya ya Nyasa. Ningeweza kuanzia Dar es Salaam, kwenye studio na kumbi nyingi. Nimechagua mwambao kwa sababu huku kinanda hakikukuta ukimya.

Kilikuta mganda, ngoma ya bendi ya vibuyu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alifuatilia jinsi ngoma za kuiga bendi za kijeshi zilivyoanza katika miji ya pwani miaka ya 1890, zikachukuliwa na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zikaingia bara. Kandokando ya Nyasa vijana hawakuwa na tarumbeta za shaba. Walichukua vibuyu, wakavitoboa tundu, wakaliziba kwa utando wa buibui. Ukiimbia ndani yake, sauti inatoka na mkwaruzo wa shaba. Vibuyu vikubwa vikashika sauti nene, vidogo vikashika nyembamba, ngoma zikaongoza hatua, na bendi ikakamilika. Kwa hiyo anayekiona kinanda cha betri kuwa mgeni aliyekuja juzi kuharibu muziki wa asili anaanza vibaya. Watu wa ziwa hili wana zaidi ya miaka mia moja ya kuchukua sauti ya mbali na kuijenga upya kwa kile walichonacho mkononi.

Njia ya pili ilipita kanisani. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa kisiwani Likoma tangu miaka ya 1880, na Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Pamoja na nyimbo zao zilikuja nota za solfa na kinanda cha kukanyaga, kile ambacho miguu inasukuma upepo huku vidole vikipiga. Padri Stephen Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alitoa mwaka 1963 kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipitisha hati ya liturujia iliyokisifu kinanda cha mabomba lakini ikaruhusu pia ala nyingine zinazofaa ibada. Ngoma na kayamba vikaingia kwa mlango huo, na miaka ishirini hivi baadaye kinanda cha plastiki nacho kikapita hapohapo.

Casio walitoa Casiotone 201, kinanda chao cha kwanza, mwaka 1980. Mwaka uliofuata ikatoka MT-40, na ridhimu moja iliyomo ndani yake, iliyoandikwa tu “rock”, ilitungwa na msichana aliyekuwa ametoka chuo cha muziki, Okuda Hiroko. Mwaka 1985 Wayne Smith na prodyuza King Jammy wa Jamaika waliigeuza ridhimu hiyo kuwa Under Mi Sleng Teng, na reggae ikabadilika. Nautaja mfano huu ili ukumbuke jambo moja kila uingiapo kanisani: ile ridhimu inayotoka ndani ya kinanda ina mtunzi. Ngoma ya mashine inayosikika Ngumbo ilitungwa na mtu fulani mbali, naye mwalimu wa kwaya ndiye aliyeichagua kati ya mia na ushee. Uchaguzi huo ni kazi ya usanii, na unastahili kuandikwa.

Ukitaka kukielewa kinanda hiki, uache kwanza mkono wa kulia, utazame wa kushoto. Kwenye Casio, mkono huo hupata kodi nzima kwa njia ya mkato: kibonyezo kimoja ni meja, ukiongeza kimoja chochote upande wa kulia inakuwa maina, vikiwa vitatu ni kodi ya saba, vinne ni maina ya saba. Kwenye Yamaha yenye mtindo wa kidole kimoja unaelekea upande mwingine kabisa: ukiongeza cheusi cha karibu upande wa kushoto unapata maina, ukiongeza cheupe unapata ya saba. Mpiga kinanda aliyekulia kwenye Casio akihamia kigango chenye Yamaha, vidole vyake vinakwenda kulia wakati mashine inamsubiri kushoto. Utamwona anarudi kwenye meja tatu, do, fa na so, kwa sababu hizo zinashikika kwa kidole kimoja popote. Mtafiti asiyejua habari hii ataandika kwamba nyimbo za mwambao “zinapenda” kodi tatu, kumbe sehemu ya mapenzi hayo ni vidole vinavyojihami.

Halafu kuna transpozi, na hapa ndipo solfa ya wamisionari ilipokutana na kiwanda cha Japani pasipo mtu kupanga. Katika solfa yetu do inahama: leo iko juu, kesho iko chini, kulingana na sauti ya kwanza inavyofika. Mwimbaji hasumbuki, lakini mpiga kinanda wa zamani alilazimika kujifunza funguo zote. Kitufe cha transpozi kinaihamisha do kwa umeme huku vidole vikibaki palepale, kwenye vibonyezo vyeupe. Wapo walimu wa muziki wanaokiona kitufe hiki kuwa uvivu. Mimi naona kinaendana na solfa kuliko kinanda chochote kilichokitangulia.

Kasoro za kinanda nazo ni sehemu ya elimu hii. Chukua Yamaha PSR-F51. Haihisi nguvu ya kidole. Ukigusa au ukigonga, sauti ni ileile. Mpigaji anayetaka kupunguza sauti ubeti unapofika kwenye sala huondoa vidole, anabaki na besi na noti moja juu, kisha anarudisha kodi kamili kwenye kiitikio. Mashine hiyo hutoa sauti 32 tu kwa wakati mmoja, na ridhimu inayocheza yenyewe inakula sehemu ya hizo. Ukiibana kwa mikono miwili iliyojaa, noti za mwanzo hukatika kimyakimya. Wapigaji wazuri wanalijua hili kwa masikio, nao hupiga kwa nafasi. Nafasi hiyo, ambayo mgeni anaisikia kama mtindo wa mahali, kwa kiasi fulani ni adabu waliyofundishwa na mashine.

Ridhimu ni suala gumu zaidi. Nyingi za ndani ya kinanda zimegawanywa kwa nne, na zinafaa nyimbo za mwendo wa paredi. Ngoma zenye pigo la tatu-tatu hazipati kwao humo. Mpigaji hutafuta ridhimu ya paredi ya 6/8 au balladi ya polepole, anaiongeza kasi, kisha anaizima kabisa na kuwaachia wapiga ngoma wa kweli. Sikiliza hasa pale anapoizima. Kwaya hupenda kuvuta mwisho wa mstari, na mashine haimsubiri mtu. Fundi wa kinanda huisimamisha ridhimu kwa mkono wa kushoto, anawaacha waimbaji wamalize pumzi, anaianzisha upya kwenye neno la kwanza la ubeti unaofuata. Kazi hiyo haimo kwenye nota zozote utakazopewa.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi. Laini ya Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018 na kuiunganisha Songea na gridi ya taifa. Kabla ya hapo mambo yalikuwa jenereta, sola na betri. PSR-F51 inakwenda kwa betri sita ndogo au adapta ya volti 12, na hiyo 12 ndiyo volti ya betri ya pikipiki. Lakini betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14, na Casio nyingi za zamani zinataka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, kinyume cha Yamaha. Vinanda vingi vilivyolala stoo za parokia viliungulia hapo.

Jukwaani, tatizo la kwanza ni tundu la hedifoni. Ndilo njia pekee ya kutolea sauti kwenye vinanda vingi vya bei ya chini, na ukichomeka waya humo, spika za ndani zinanyamaza. Mpigaji aliyekaa nyuma ya spika kubwa zinazotazama watu hajisikii tena, na kwaya nayo inapoteza tegemeo lake. Ndiyo maana utaona spika ndogo imegeuzwa kuwatazama waimbaji.

Kurekodi kuna njia mbili, na kila moja inazaa muziki wake. Ya kwanza ni simu moja mbele ya kwaya, kila mtu kwa pamoja: mwendo unapanda na kushuka, mawimbi yanaingia dirishani. Ya pili ni studio: kinanda kinawekwa kwanza, kwa waya wa USB kama kinao, kisha sauti zinapangwa juu yake moja moja. Mwendo unanyooka, na ule uvutaji wa mwisho wa mstari unapungua. Radio Maria ilipoanza Songea mwaka 1996, kwaya za kusini zilipata sababu mpya ya kutaka rekodi safi. Taarabu ya kisasa nayo ilibadilishwa na kinanda miaka ya 1990, kilipochukua nafasi ya fidla nyingi. Ukiwa umesoma habari zake, nyingi zitakusaidia huku.

Utaanzaje? Omba ruhusa kwa mwalimu wa kwaya na uhudhurie mazoezi kabla ya ibada, maana mazoezini ndipo vitufe vinapojadiliwa kwa sauti. Mtafute pia fundi anayefungua vinanda na kusafisha mipira yenye kaboni chini ya vibonyezo. Yeye anajua ni noti zipi huchoka mapema, na hizo ndizo noti za nyimbo za mahali. Rekodi yoyote utakayochukua, waachie kwaya nakala. Na kwa kila wimbo andika modeli ya kinanda, namba ya sauti, namba ya ridhimu, kasi na transpozi, kwa kuwa namba hizo hubadilika toka modeli hadi modeli, na kinanda kikifa leo, mpigaji atakayekuja hatakuwa na pa kuitafuta ile ridhimu.