Maumivu ya Kisigino kwa Mtembeaji: Kupunguza Hatua bila Kuacha Mazoezi

Mjini Mpanda na katika vijiji vya mkoa wa Katavi, kutembea ni sehemu ya kazi kabla ya kuwa mazoezi. Watu hutembea kwenda shambani, sokoni, kisimani na zahanati. Kwa mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu, kutembea ni tiba pia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha kutimiza kiwango hicho. Kwa hiyo kisigino kinapouma na matembezi kukatizwa, tatizo haliishii unyayoni. Sukari huweza kupanda na uzito kuongezeka, kisha uzito huohuo hurudi kukielemea kisigino.

Chanzo cha maumivu

Chini ya unyayo upo utepe imara unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kufika chini ya vidole. Kazi yake ni kushikilia upinde wa unyayo kila mguu unapokanyaga. Utepe huo ukivutwa kupita uwezo wake wa kujijenga upya, sehemu inayoshikana na kisigino huchakaa na kuuma. Hali hiyo, ambayo kitaalamu huitwa plantafasaitisi, ndiyo sababu kuu ya maumivu ya chini ya kisigino kwa watu wazima.

Dalili yake ni bayana: maumivu makali katika hatua za kwanza za asubuhi, au mtu anapoinuka baada ya kukaa kwa muda mrefu. Hupungua akitembea kidogo, kisha hurudi baada ya kusimama kutwa. Walio katika hatari zaidi ni wenye uzito mkubwa, wanaosimama muda mrefu, wenye vigimbi vilivyokaza, na walioongeza mwendo ghafla, kama ilivyo kwa mkulima mvua za Novemba zinapomrudisha shambani. Viatu navyo vina sehemu yake. Kandambili zilizobonyea, katambuga zenye soli ngumu na bapa, na raba za mitumba zilizolika kisigino haziupi unyayo msaada wa kutosha.

Baadhi ya wagonjwa hupigwa picha ya eksirei na kuambiwa kwamba wameota mwiba wa mfupa. Habari hiyo isiwatie hofu, kwa kuwa watu wengi wenye mwiba wa namna hiyo hawana maumivu yoyote.

Mambo yanayoongeza madhara

Kukanda kisigino kwa maji ya moto sana au jiwe lililopashwa moto, na kukichanja kwa wembe, ni hatari kubwa kwa mwenye kisukari. Miguu yake huweza kuwa na ganzi, asihisi anapoungua, na kidonda kidogo kikaishia katika kukatwa mguu. Hatari nyingine ni kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku bila ushauri. Dawa hizo huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu.

Namna ya kuendelea na mazoezi

Kuacha kabisa kutembea si lazima, wala kujikaza hadi kuchechemea hakufai. Mgonjwa huanza kwa kupunguza umbali wake kwa nusu, na kuugawa katika matembezi mafupi mawili au matatu. Kipimo ni asubuhi inayofuata: maumivu yasipozidi, kiwango hicho kinafaa, yakizidi, apunguze tena. Dakika zilizobaki hujazwa na baiskeli, chombo kilichozoeleka Katavi, kwa kuwa kisigino hakibebi uzito wote wa mwili.

Kabla ya kukanyaga sakafu asubuhi, mgonjwa huketi kitandani, huweka mguu unaouma juu ya goti la pili, hushika vidole vyake na kuvivuta kuelekea juu hadi unyayo ukaze. Hushikilia kwa sekunde 10, hurudia mara 10, na hufanya hivyo mara 3 kwa siku. Kigimbi nacho hunyooshwa kwa kuegemea ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino kikigusa chini. Viatu vyenye kisigino laini viwekwe kando ya kitanda ili hatua ya kwanza isiwe juu ya saruji tupu.

Wagonjwa wengi hupona bila sindano wala upasuaji, ila huchukua miezi, pengine hata mwaka. Anayelijua hilo mapema hakati tamaa wiki ya tatu.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Kutoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Mpanda ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Kwa bahati nzuri, uchunguzi wa mwanzo hauhitaji mashine. Mhudumu wa zahanati abonyeze upande wa ndani wa chini ya kisigino, kisha avute vidole kuelekea juu. Maumivu yakiongezeka hapo, huashiria utepe wa unyayo. Akikiminya kisigino kutoka pande zote mbili na mgonjwa akaumia sana, afikirie ufa wa mfupa.

Mgonjwa apewe rufaa akiwa na homa, uvimbe au wekundu, kidonda, ganzi, maumivu yasiyotulia usiku, au akishindwa kukanyaga baada ya kuanguka. Mtoto mwenye selimundu anayeumwa kisigino na kuwa na homa asicheleweshwe, kwani huenda mfupa umeingiwa na vijidudu. Sindano ya steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa kwa mwenye kisukari, na ikirudiwarudiwa huweza kudhoofisha utepe hadi ukakatika.

Katika kliniki ya kisukari, mgonjwa anaposema ameacha kutembea, asikaripiwe kwa uvivu. Aulizwe sababu, avuliwe viatu, na nyayo zake zote mbili zikaguliwe.