Pima Ukuta wa Silinda Kabla ya Kuuchonga



Trekta lako latoa moshi wa buluu na kunywa oili, na mvua zi karibu. Umeshauriwa uvuke Likoni uipeleke injini Mbaraki, Mombasa, silinda zichongwe ziwe pana, kisha itiwe tabo ili ivute plau ya sahani tatu badala ya mbili. Kabla hujakubali, soma habari hii. Bloki ikipasuka, msimu wako umekwisha.

Kuchonga silinda si kosa. Ringi zikisugua miaka mingi, silinda hulika, ikawa si duara kamili. Fundi huichonga, akatia pistoni kubwa kidogo: ya 0.25 mm, 0.50, 0.75 au 1.00. Lakini nyuma ya ukuta wa silinda pana maji ya kupoza injini. Ukipanua kipenyo kwa 1 mm, ukuta hupungua nusu milimita kila upande.

Tena ukuta huo haulingani pande zote. Bloki ni chuma cha kusubu, na kalibu ikisogea kidogo wakati wa kumimina, upande mmja huwa mwembamba. Na ikiwa umezoea kutia maji ya kisima yenye chumvi katika rejeta, kutu imekwisha kula ukuta kwa nyuma, mahali usipoona.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme ukuta ulikuwa 5 mm, na kwa kutu na kuchongwa umebaki 4. Nguvu ile ile ya moto yauvuta ukuta huo zaidi kwa robo. Kisha watia tabo, yaani gurudumu dogo lizungushwalo na moshi wa ekzosi, lisukumalo hewa nyingi ndani ya silinda ili dizeli nyingi zaidi iungue. Tuseme nguvu ya moto nayo imezidi kwa robo. Robo juu ya robo: chuma chavutwa zaidi ya mara moja na nusu ya hapo kwanza.

Basi ufanyeje?

Kwanza, taka ukuta upimwe. Mafundi wa meli hupima unene wa mabamba kwa chombo kidogo kinachopeleka sauti ndani ya chuma na kupokea mwangwi wake. Chombo hicho chaweza kupima silinda pia. Lakini angalia: sauti hupita katika feleji kiasi cha mita 5,900 kwa sekunde, na katika chuma cha kusubu kiasi cha 4,600 tu. Chombo kilichowekwa kwa feleji kitakuambia 5 mm mahali palipo na 4. Mwombe fundi akirekebishe kwanza kwa kipande cha bloki mbovu ya aina yako, alichokipima kwa kalipa.

Pili, kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, pande zote nne, hasa pande mbili ambazo pistoni huziegemea. Usitazame wastani. Tazama namba iliyo ndogo kuliko zote, kwa maana hapo ndipo ufa utakapoanzia.

Tatu, uliza kama injini yako ina slivu. Perkins 4.236, iliyofungwa katika matrekta mengi ya Massey Ferguson, inazo. Slivu iliyolika hutolewa ikatiwa mpya, na ukuta wa bloki usiguswe.

Nne, chagua moja: kuchonga au tabo. Wenye kiwanda cha Perkins walipotia tabo katika injini hiyo, wakaiita T4.236, hawakuipanua. Namba 236 ni ujazo wake kwa inchi, na ilibaki ile ile. Nguvu waliiongeza kwa hewa na dizeli.

Mwisho, vipimo viandikwe katika karatasi, nawe uisome kabla ya kutoa fedha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa silinda haujengwi upya shambani.