Kifungo cha nje: Dalili za hatari huonekana kwanza nyumbani

Je, una jamaa anayetumikia kifungo cha nje? Basi fahamu kwamba afisa wa probesheni humwona kwa muda mfupi tu, lakini wewe unaishi naye. Nchini Kenya, uangalizi huo huwa wa kati ya miezi 6 na miaka 3.

Wengi humaliza muda wao bila taabu. Wachache hurudia uhalifu, tena mkubwa zaidi. Nchini Uingereza, Juni 2021, mwanamume mmoja aliyechoma mali aliachiliwa chini ya uangalizi. Maafisa walikadiria kwamba hakuwa tishio kubwa kwa mwenzi wake na watoto, akaruhusiwa kuishi nao mjini Killamarsh. Septemba mwaka huo alimuua mwenzi huyo, aliyekuwa mjamzito, pamoja na watoto watatu.

Kama daktari, nakuomba uchunguze dalili hizi:

1. Pombe. Amerudia ulevi, hasa ikiwa kosa la kwanza alilitenda akiwa mlevi. Pombe hudhoofisha sehemu ya ubongo inayozuia hasira.

2. Kuacha dawa. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu yeyote. Hatari huongezeka mgonjwa anapoacha dawa, akaanza kuvuta bangi, kusikia sauti na kushuku kila mtu.

3. Vitisho. Anasema ataua, anaficha panga, au amewahi kukukaba koo. Kukabwa koo, hata mara moja na bila kuacha alama, ni onyo kwamba huenda siku nyingine ukauawa.

Ufanye nini? Usimfiche kwa kuogopa atafungwa. Mweleze afisa wake mapema, naye anaweza kuiomba mahakama ibadilishe masharti. Mgonjwa mpeleke kliniki ya magonjwa ya akili; kwa wanaosahau vidonge, kuna sindano ya mara moja kwa mwezi. Anayetumia heroini anaweza kupewa methadoni, tiba inayotolewa nchini tangu 2014.

Lakini akitishia maisha yako, usibaki kumbembeleza. Ondoka na watoto kwanza, kisha upige simu 999, au 1195 kwa msaada wa dhuluma za nyumbani. Ukikabwa koo, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama hujisikii vibaya. Uvimbe wa koo unaweza kuziba pumzi saa nyingi baadaye.