Habu ya Nyuma: Namna ya Kuichagua

Katika vilima vya Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, baiskeli ni chombo cha kazi. Huchukua mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na madumu ya maji. Tuchukulie kwamba keria imefungwa mzigo wa kilo 80. Karibu uzito wote huo huelemea gurudumu la nyuma, na kiungo kinachoupokea ni habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachozunguka juu ya ekseli. Ekseli ikivunjika mteremkoni, mzigo hupotea na mwendeshaji aweza kuumia vibaya.

Hebu tuichunguze habu ya kawaida. Kila upande una kikombe, gololi 9 za kipenyo cha milimita 6.35, na koni inayozikaza. Gololi hugusa kikombe mahali padogo sana. Kwa kuwa kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo, kanieneo mahali hapo huwa kubwa mno. Grisi hupunguza msuguano. Lakini Bukoba hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na maji na tope huiharibu upesi.

Koni, gololi na ekseli hubadilishwa kwa gharama ndogo. Kikombe sivyo: kikichimbika, habu nzima hutupwa, na fundi hulazimika kufuma upya gurudumu lenye spoku 40. Basi, mnunuzi atazame kwanza kikombe. Kiwe cha chuma cha pua kilicho kigumu, chenye uso laini usio na vishimo. Pili, aulize kama koni na ekseli za kipimo hicho zinapatikana dukani karibu naye. Zipo pia habu za beringi zilizofunikwa, ambazo huzuia tope vizuri zaidi. Hata hivyo, zikichakaa huhitaji beringi mpya ya kipimo chake na kifaa cha kuishindilia. Pasipo vitu hivyo, ubora wake hauna faida.

Wanafunzi waweza kufanya jaribio hili shuleni. Shika ukingo wa gurudumu, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, koni imelegea. Kisha litoe gurudumu, uzungushe ekseli kwa vidole. Ikikwaruza, koni imekazwa mno au gololi zimeharibika. Habu ikaguliwayo hivyo na kutiwa grisi mpya baada ya masika itadumu miaka mingi.