Jamaa wa mgonjwa wa akili nao wahitaji kufunzwa

MGONJWA wa akili anaporuhusiwa kuondoka hospitalini, aghalabu jamaa zake hukabidhiwa vitu viwili: dawa na kadi yenye tarehe ya kurejea kliniki. Ni nadra kwao kuelezwa ugonjwa wenyewe ni upi, au wafanye nini siku atakapokataa kumeza dawa hizo.

Ilhali ni wao watakaoishi naye. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, ambayo ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili mnamo 1910, ingali tegemeo kuu la taifa zima, na wengi wa madaktari bingwa wa nyanja hii wanapatikana mijini. Kwa kijana wa Turkana au Tana River, wodi halisi ni nyumba ya mamake.

Chukua mfano wa skizofrenia, maradhi ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mnamo 2022 kuwa humpata mtu mmoja kati ya kila 300 ulimwenguni. Huanza sana sana ujanani, wakati ambapo wazazi wanatarajia kuvuna matunda ya karo waliyolipa. Mgonjwa husikia sauti zisizosikiwa na wengine, au huamini kwamba majirani wanapanga kumdhuru.

Dalili hizo humtisha kila mtu, na hakuna anayetilia shaka kuwa ni ugonjwa. Zipo nyingine zisizo na kishindo: kujitenga, kutooga, kukosa ari ya kufanya lolote. Hizi ndizo huzua ugomvi nyumbani, kwani kijana anayelala hadi adhuhuri huitwa mvivu. Kumbe kukosa ari huko ni sehemu ya ugonjwa, kama ilivyo homa kwa malaria, na mara nyingi dawa hazikuondoi kwa urahisi jinsi zinavyonyamazisha sauti.

Mwanasosholojia George Brown alikumbana na jambo la kushangaza jijini London katika miaka ya 1950. Wanaume waliotoka hospitalini na kurudi kwa wazazi au wake zao walirudiwa na maradhi zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba au kuishi na ndugu zao.

Uchunguzi uliofuata, ukiwemo wa Christine Vaughn na Julian Leff mnamo 1976, ulifafanua sababu. Hatari ilikuwa kubwa katika nyumba zenye lawama za kila mara, uhasama, au ulezi wa kupita kiasi unaomfanya mtu mzima kuwa mtoto tena. Ilizidi pale ambapo mgonjwa na jamaa hao walikaa pamoja ana kwa ana kwa zaidi ya saa 35 kwa juma.

Matokeo haya hayamaanishi kwamba familia ndiyo iliyoleta ugonjwa. Kina mama wameonewa vya kutosha katika suala hili. Kijijini husingiziwa laana au uchawi, na hata huko Ulaya na Marekani wapo madaktari waliowahi kudai, katikati mwa karne ya 20, kuwa malezi ya mama ndiyo chanzo cha skizofrenia. Dai hilo lilitupiliwa mbali. Ukali wa jamaa huzaliwa na uchovu, hofu na kutojua.

Na kutojua kuna tiba. Katika mafunzo ya familia, jamaa hukutana na muuguzi au mshauri mara kadhaa kwa muda wa miezi. Hufunzwa kuomba jambo moja kwa wakati badala ya kumwaga orodha ya makosa: "Tafadhali nisaidie kuteka maji" badala ya "Wenzako wote wameoa nawe umelala tu."

Mgonjwa akisema kuwa chakula kimetiwa sumu, hakuna haja ya kubishana naye wala kumwunga mkono. Yatosha kumwambia kwamba inaonekana ana hofu, kisha kula naye kutoka sahani moja.

Hufunzwa pia kutambua ishara za mapema kama vile kukosa usingizi, na kuelewa kwamba anayetetemeka au kukakamaa viungo huenda anaumizwa na dawa. Wengi huacha dawa kwa sababu hiyo, ilhali daktari angeweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Majaribio yaliyofanywa katika mataifa mbalimbali tangu miaka ya 1980 yameonyesha kuwa mafunzo ya aina hii, yakiandamana na dawa, hupunguza idadi ya wanaorudiwa na maradhi.

Nchini Marekani, shirika la NAMI lililoundwa mnamo 1979 lina kozi ya bure ambayo walimu wake si madaktari bali ni jamaa wa wagonjwa. Hapa ndipo penye funzo kwa Kenya. Vikundi vya kina mama, makanisa, misikiti na wahudumu wa afya ya jamii tayari wapo vijijini. Wakielekezwa na muuguzi wa kaunti, wanaweza kuianza kazi hii.

Vikundi hivyo vingetatua pia suala lisilotajwa sana: nani atakaa na mgonjwa mama anapokwenda sokoni? Mnamo 2020, shirika la Human Rights Watch lilitaja Kenya miongoni mwa nchi takriban 60 ambako watu wenye matatizo ya akili hufungwa kwa minyororo au kufungiwa. Baadhi ya wanaofanya hivyo ni wazazi wanaohofia kuwa mwana atapotea au kugongwa na gari wakiwa shambani.

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yaliipa kila kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Kwa sasa, anayempeleka jamaa yake kliniki aulize jina la ugonjwa, madhara ya dawa, na mahali pa kukimbilia hali ikizorota usiku. Ni vyema aulize mgonjwa akiwepo, kwani sheria hiyo inampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake.