Waa Juu ya Bapa la Kisu

Katika soko la Matrah, Maskati, ambako wazee wengi waliotoka Unguja wangali wanazungumza Kiswahili chao bila ya taabu, nilimkuta fundi wa majambia amelaza mapajani kisu chenye bapa la mawimbi, naye anakataa katakata kuling'arisha, ingawa mwenyewe amekileta kwa ajili hiyo hasa. Kukataa huko ndiko kulikonishughulisha.

Visu vya namna hii aghalabu hufuliwa kwa vyuma viwili, kimoja cha kaboni nyingi na kingine chenye nikeli, vikaunganishwa kwa moto na nyundo hata vikawa kitu kimoja. Kisha bapa huzamishwa katika tindikali, ikakila kile cha kwanza na kukiacha cheusi, na cha pili kikabaki kinang'aa. Chuma cha kale cha kuyeyushwa, kile alichokitaja mwanafalsafa al-Kindi katika risala yake ya panga, karne ya 9, kina habari yake mbali.

Waa lenyewe lilikuwa karibu na mpini, kadiri ya ukucha wa gumba. Fundi alitwaa kitambaa cheupe cha pamba, akakitia tone la mafuta mepesi, akasugua taratibu kwa kufuata urefu wa bapa, kisha akakiinua kwenye mwanga wa mlango. "Shahidi ni kitambaa, mwanangu," akasema. "Kikija na wekundu, hiyo kutu, usiichelewe. Kikija na weusi, basi unaondoa pambo lenyewe, zuia mkono." Kikatoka safi. Akajaribu spiriti, kwa kuwa mafuta yaliyokaukia juu ya chuma hugeuka manjano yakagandama, na wengi huyadhania kutu. Hapo kitambaa kikapata umanjano hafifu, na nusu ya waa ikaondoka. Nusu iliyosalia ilikuwa na rangi ya shingo ya njiwa, buluu iliyochanganyika na kijivu, ambayo fundi hakuhitaji hata miwani kuitambua: mtu amekata ndimu, au kitunguu, akakiweka kisu bila ya kukifuta.

Mgongoni palikuwa na vitone viwili vya kutu ya kweli, navyo alivitoa kwa mafuta na nyuzi za chuma zilizo laini kabisa, pasipo haraka. Msasa hakuugusa. Ala ya ngozi aliitenga kando kwa dharau, maana ngozi hushika unyevu na chumvi za kutengenezea, na kisu kilichozoea kulala humo huamka na mawaa. Akamalizia kwa kupaka mafuta. Na nilipomwambia kwamba Wajapani kwa desturi hupaka panga zao mafuta yenye harufu ya karafuu, mzee huyo wa Unguja alicheka kwa furaha iliyopita kiasi.

Ama ile buluu, hakuitia mkono. Weusi wa mawimbi ni kazi ya tindikali, na buluu nayo ni kazi ya tindikali. Moja imekusudiwa, nyingine imejitokea, na chuma hakijui tofauti yake. "Nikiitoa, nitatoa na mawimbi yaliyo chini yake, halafu itanilazimu kulizamisha bapa zima upya. Na mwenyewe hajaniambia kama anataka kisu chake au anataka kisu kipya."

Akakifunga katika kitambaa kikavu. "Na ujira wa nusu ya waa," akaniuliza, "huhesabiwaje?"